Disney ya Orlando na familia kwa mara ya kwanza: amua ukiwa nyumbani, usiamue getini

Ukiishi Marekani na watoto wa shule, ipo siku tu mwanao atarudi nyumbani aseme fulani kaenda Disney, sisi lini? Unajibu "tutaona", mwaka unapita, unajibu tena "tutaona", mwisho hata wewe unaona aibu. Haya sasa mmeamua kwenda kweli. Ukianza kutafuta maelezo unakutana na mlima, tiketi za aina kumi, hoteli mia, kila mtu anasema lake, na wengi wanaoandika ni watu wanaoenda kila mwaka na hawajali dola mia mbili zikipotea. Mimi naandika kwa familia zetu zilizoko huku, Texas, Ohio, Minnesota, popote, ambazo hii ni mara ya kwanza na hela ni ya kubana. Na jambo kubwa nalisema kabisa mwanzoni: hela nyingi inayopotea Orlando inapotea kwa sababu uamuzi uliachwa mpaka mmefika, mmesimama juani, mtoto analia, na hapo unakubali bei yoyote unayotajiwa.

Kwanza jua unaenda wapi hasa

Watu wanasema tu "Disney" kama vile ni sehemu moja. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971 na ndani yake kuna viwanja vinne vikubwa vya michezo na burudani, kila kimoja kina geti lake na viko mbalimbali, kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi ni basi au gari sio mguu. Magic Kingdom ndo chenye lile jumba la kifalme unaloliona kwenye picha, ndo cha 1971. EPCOT ni cha 1982, Hollywood Studios cha 1989 na Animal Kingdom cha 1998. Kimoja kinamaliza siku nzima, usijidanganye kwamba asubuhi huku mchana kule.

Universal, nayo ya hapohapo Orlando, ni kampuni nyingine, tiketi nyingine, geti lingine, na nao wana viwanja kadhaa, kipya ni Epic Universe kilichofunguliwa Mei 2025. Kwa maoni yangu kama watoto wenu wengi wako chini ya miaka nane nendeni Disney, kama ni vijana wa miaka kumi na mbili na kuendelea wanaotaka rolakosta za kutisha basi Universal itawafaa zaidi. Kuchanganya zote mbili safari ya kwanza ni kujitafutia uchovu na deni. Halafu wale mnaoishi upande wa magharibi, Arizona, Seattle huko, kumbukeni kuna Disneyland ya California, Anaheim, ile ya zamani ya 1955, ni ndogo, ina viwanja viwili vinavyotazamana na unavuka kwa mguu. Kwenu inaweza ikawa rahisi kuliko kuruka mpaka Florida.

Pima watoto kabla hujanunua chochote

Hii wengi wanairuka na ndo inayoliza watoto. Bembea, yaani vile vitu vya kupanda, na rolakosta nyingi zina kipimo cha urefu, mfanyakazi anamsimamisha mtoto kwenye kijiti na akipungua hata kidogo hapandi, hakuna cha kubembeleza. Chukua futi, msimamishe mtoto mlangoni, andika. Ili upande Seven Dwarfs Mine Train au Slinky Dog Dash unatakiwa uwe na inchi 38, yaani sentimita 97 hivi. Tiana's Bayou Adventure na Soarin' ni inchi 40. Space Mountain, Expedition Everest na ile Flight of Passage ya Animal Kingdom ni inchi 44, kama sentimita 112. TRON inataka 48. Dumbo, Peter Pan's Flight na "it's a small world" hazina kipimo, hata kichanga anapanda na mama yake.

Ukishapima unajua kiwanja gani kina maana kwenu. Mtoto wa inchi 36 Hollywood Studios atabaki kuangalia wenzake kwenye vitu vingi, hela hiyo bora muiweke siku ya pili ya Magic Kingdom. Na mwambieni mtoto nyumbani kabisa, "hii hutapanda mpaka ukue", msimwache akajue pale baada ya foleni ya saa nzima.

Kama mna mkubwa anayeruhusiwa na mdogo asiyeruhusiwa kuna utaratibu unaitwa Rider Switch, ni bure. Mnamwambia mfanyakazi mlangoni, baba anapanda kwanza mama anabaki na mdogo, baba akirudi mama anaingia bila kuanza foleni upya, na mara nyingi mkubwa anapata kurudia mara ya pili. Watu wengi wa kwetu hawaujui huu utaratibu wanaishia mzazi mmoja kukaa kwenye benchi siku nzima.

Tarehe

Epuka Krismasi mpaka mwaka mpya, Pasaka, wiki ya Thanksgiving na likizo za Machi. Bei juu, watu kama siafu. Mwisho wa Agosti na Septemba shule zikishafunguliwa panapoa, ila joto la Florida miezi hiyo sio mchezo, mvua ya radi inapiga karibu kila mchana, na kimbunga kinawezekana maana msimu wake ni kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari kuna ubaridi kidogo, foleni nafuu, mimi ndo ningechagua hapo hata kama mtoto atakosa shule siku mbili tatu, ongea na mwalimu mapema tu.

Na angalia birthday za watoto. Chini ya miaka mitatu anaingia bure kabisa, kuanzia mitatu mpaka tisa ana tiketi ya mtoto, akifika kumi analipa kama wewe. Tiketi ya mtoto na ya mkubwa hazipishani sana kwa hiyo hapo kwenye kumi usijisumbue, ila kwenye mitatu ni habari nyingine, mwenye miaka miwili na miezi kumi na moja anaingia bure, mwezi ujao ni mamia ya dola.

Tiketi na hela

Bei zinabadilika kwa tarehe na kwa kiwanja. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ya mtu mzima ilikuwa inaanzia dola 119 na siku za sikukuu Magic Kingdom ilikaribia 200, kodi bado. Kadiri unavyochukua siku nyingi ndivyo bei ya kila siku inavyoshuka, kwa hiyo usinunue moja moja. Familia ya watano kwa siku nne, tiketi tu ni maelfu, hujalala hujala. Ndo maana nasema anza mwaka mzima kabla. Kama mko kwenye mchezo wa kupeana hela na wenzenu, omba zamu yako iangukie mwezi wa kununua tiketi, hiyo ni njia nzuri kuliko kadi ya mkopo ambayo mtailipa mpaka mtoto anamaliza shule.

Kuna nyongeza inaitwa Park Hopper ya kuhama kiwanja ndani ya siku moja. Ukiwa na watoto wadogo, achana nayo. Siku za tiketi si lazima zifuatane, mfano ya siku nne unaweza kuitumia ndani ya siku saba, na hilo ni zuri nitalirudia chini.

Sasa kuhusu tiketi za bei rahisi. Utakutana na mtu mtandaoni anauza tiketi iliyobaki siku mbili. Usinunue. Tiketi ni ya jina lako haihamishiki, na getini wanachukua alama ya kidole. Halafu ukifika Orlando kuna vibanda na mabango, tiketi nusu bei, ukiuliza unaambiwa ni kusikiliza tu maelezo kidogo asubuhi. Hao ni wauzaji wa taimsheya, nyumba ya likizo ya kuchangia. Kidogo kinakuwa nusu siku, wanabadilishana wauzaji mmoja mpole mmoja mkali, na wazazi wetu na ustaarabu wetu wa kutokatalia mtu mbele ya macho, unaweza ukatoka na mkataba wa miaka. Siku moja ya likizo yenu ina thamani kuliko hilo punguzo.

Mlale wapi

Hapa kuna njia mbili kwa kweli. Moja ni hoteli za Disney zenyewe. Za bei ya chini ni zile All-Star tatu na Pop Century. Faida: basi za bure kwenda viwanjani, hulipi maegesho, unaingia nusu saa kabla ya wengine, na ukilipia Lightning Lane, ile njia ya kukwepa foleni nitakayoieleza chini, unaruhusiwa kuichagua mapema zaidi. Hasara: chumba kidogo, watu wanne tu kwa kawaida, hakuna jiko. Kuna zenye vyumba vya familia vya watu sita, Art of Animation na All-Star Music, ila bei inapanda.

Njia ya pili ni kupanga nyumba Kissimmee, mji wa jirani, nyumba nzima ina vyumba vinne vitano, jiko, na bwawa la kuogelea nyuma. Kwa familia ya kwetu yenye watoto wanne na bibi aliyekuja kutembea, au mkiungana na shemeji na watoto wake, hii haina mpinzani. Mnapika pilau usiku, asubuhi chai na maandazi, watoto wanaogelea. Ila mtahitaji gari na kila siku mnalipa maegesho ya kiwanja. Mkiungana familia mbili tatu semeni hela mapema na muandike kwenye grupu la WhatsApp, nani kalipa kianzio, nani analipa usafi, nani akighairi inakuwaje. Undugu wetu unavunjikia hapohapo kwenye dola themanini za usafi ambazo kila mtu alidhani mwenzie kalipa.

Wa Atlanta mnaendesha saa sita na nusu saba mnafika. Wa Houston ni saa kumi na nne na zaidi, gawanyeni siku mbili mkiwa na watoto. Wanaoruka, uwanja wa ndege wa Orlando kwenye tiketi unaandikwa MCO, na yale mashirika ya tiketi ya dola arobaini yanatoza begi, kwa hiyo piga hesabu ya mwisho sio ya kwanza. Mkikodi gari pale uwanjani, uliza Visitor Toll Pass, ni kikadi cha bure cha kuning'iniza kwenye kioo, unalipa ushuru wa barabara tu bila ile ada ya kila siku ya kampuni ya gari.

Panga siku, na weka siku ya kulala

Kwa mara ya kwanza ningefanya hivi: siku ya kwanza Magic Kingdom, ya pili Animal Kingdom, ya tatu pumziko, bwawa na usingizi, hakuna kiwanja, ya nne EPCOT au Hollywood Studios kutegemea vipimo vya watoto, ya tano Magic Kingdom tena kumalizia vilivyobaki. Hiyo siku ya tatu baba mwenye uchungu na hela yake ataipinga, ataona mnalala bure. Lakini mtoto aliyetembea maili sita siku mbili mfululizo, akalala baada ya fataki za usiku, siku ya tatu anaamka jini. Na tiketi haipotei, nimeshasema si lazima siku zifuatane.

Asubuhi ndo kila kitu. Fikeni getini dakika arobaini na tano kabla ya kufunguliwa, na Magic Kingdom ongeza, kwa sababu ukipaki gari hufiki getini, unaachwa upande wa pili wa ziwa unapanda feri au ile treni ya juu ndo unafika. Masaa mawili ya kwanza mnaweza kupanda vitu vingi kuliko mchana wote. Saa saba jua likiwa kichwani rudini mkalale, au ingieni kwenye maonyesho ya ndani yenye kiyoyozi, jioni mrudi na nguvu. Radi ikianza bembea za nje zinasimama, watu wanakimbilia magari, nyie vaeni makoti ya mvua mkapande za ndani. Mvua ya Florida saa moja tu imeisha na nusu ya watu wameondoka.

Lightning Lane, ulipe au usilipe

Hii ni njia ya pembeni ya kulipia ili usikae foleni ndefu. Iko ya Multi Pass, unachagua vitu vitatu na muda wake kabla ya siku, ukianza kuvitumia unaongeza vingine, na iko ya Single Pass ya kitu kimoja kikubwa. Bei inabadilika kila siku na ni kwa kichwa, wa chini ya miaka mitatu hahitaji. Waliolala hoteli za Disney wanachagua siku saba kabla, wengine siku tatu kabla, inafunguka saa moja asubuhi ya Orlando, kwa hiyo wa Texas ni saa kumi na mbili kwenu, tegeni alamu. Yote yanafanyika kwenye apu yao ya My Disney Experience, ipakueni mapema muizoee, wekeni kadi, unganisheni majina ya familia yote.

Ushauri wangu: lipia Magic Kingdom siku moja tu, ile ya kwanza. Animal Kingdom ukiwahi asubuhi huhitaji.

Animal Kingdom kwa sisi

Hapa lazima nikae kidogo. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kimejengwa kwa kuiga miji yetu ya pwani, waliokisanifu walifika mpaka Lamu kuangalia. Kuta zilizochujuka, mabango ya Kiswahili, duka la Mombasa Marketplace, kibanda cha Tamu Tamu, baa ya Dawa. Watoto waliozaliwa huku ambao nyumbani ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, hapo ghafla wanakuwa wakalimani wa foleni nzima. Wape hiyo nafasi, waache wawasomee watu.

Kilimanjaro Safaris ni gari kubwa la wazi linalowapitisha kwenye mbuga ya kutengenezwa, dakika kama ishirini, twiga, tembo, simba, faru, kiboko. Najua baba wa Arusha atasema yeye hawezi kulipa kuona twiga Florida. Baba, watoto wako wameona twiga kwenye simu. Nendeni mara tu geti likifunguliwa, wanyama wanakuwa bado wako macho, mchana simba amelala juu ya jiwe humwoni mkia. Baada ya hapo tembeeni Gorilla Falls, njia ya miguu yenye sokwe wakubwa, foleni hakuna.

Na siri ndogo: hoteli ya Animal Kingdom Lodge bei yake ni kali, lakini kwenda kula pale bila kulala inaruhusiwa. Mkahawa wa Boma ni bufee yenye vyakula vya Afrika, na nje kuna uwanda wa pundamilia na twiga unaoweza kuuangalia. Meza zinabukiwa mpaka siku sitini kabla, wahini. Msitegemee ladha ya mama lakini bibi atafurahi.

Chakula na begi

Wanaruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, ila chupa za vioo hapana na barafu ya vipande hapana, weka zile pakiti za kugandisha. Sandwichi, chapati za kukunja, sambusa, matunda, karanga. Maji usinunue, nenda mikahawa ya kaunta omba maji ya barafu, ni bure. Kwa familia ya watano hiyo peke yake inawaokolea hela ya mlo mmoja kila siku. Waislamu, nguruwe yuko kwenye vyakula vingi pale, ulizeni kila mara, mikahawa ya kukaa mezani wanasikiliza ukiwaambia mapema usichokula, na mjini ukitoka kuna migahawa ya halali upande wa International Drive.

Begi: pampasi, nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, losheni ya jua hata kama ngozi yenu nyeusi, makoti ya mvua ya dola moja ya madukani huko kwenu, pawabenki mbili maana hiyo apu inakula chaji, dawa ya homa, plasta za malengelenge. Raba zilizokwisha kuzoeleka mguuni, viatu vipya vya kupendezea picha viache nyumbani. Kigari cha mtoto leteni hata kwa wa miaka mitano, kisizidi upana wa inchi 31, na yale matoroli ya kuvuta hayaruhusiwi. Kifungeni kitambaa cha kanga au kitenge, maana vinapangwa mia vinafanana na wafanyakazi wanavihamisha. Bibi au babu wenye magoti mabovu, kiti cha magurudumu kinakodishwa getini, msiwaulize "utaweza?" watasema wataweza, kodini tu.

Namba ya simu iandike mkononi kwa mtoto na kalamu, umfundishe akipotea amtafute mtu mwenye kibati cha jina kifuani. Piga picha ya mtoto kila asubuhi na nguo alizovaa siku hiyo.

Zawadi

Masikio ya Mickey na fulana nunueni kabla ya safari, Walmart au Target, mfiche kwenye sanduku, mtoe asubuhi ya kwanza. Kuna pia maduka ya mabaki ya Disney kwenye zile autleti kubwa za Orlando, Vineland na International Drive, vitu vilevile bei imekatwa, nendeni siku ya pumziko. Na kwa vile bembea nyingi zinatokea dukani, ukishuka tu uko katikati ya midoli, kila mtoto mpe kiasi chake kwenye kadi ya zawadi siku ya kwanza, na mwambie ikiisha imeisha. Utashangaa mtoto aliyekuwa anataka kila kitu anavyoanza kugeuza bei na kurudisha rafuni.